Mguu wa Nne

Karakana ya Eduvina Barría haina kibao mlangoni.
Ukifika Chiloé, kisiwa cha mvua kusini mwa Chile,
fuata pua: mberoshi uliopasuliwa, gundi jikoni,
sufu mbichi inayosubiri jua lisilo na ahadi.

Mimi nilikuja kununua benchi, nikabaki miaka mitatu
nikifagia maranda, nikishika ncha ya pili ya ubao.
"Shika," huniambia, "usifikiri."
Nashika. Nafikiri.

Dirishani ni pa Rosamel,
asiyejua kuunga ulimi na tundu, wala hataki kujua.
Yeye hubandika:
bati la paa lililong'olewa na upepo,
nyavu zilizotupwa na kampuni ya samaki,
vifungo vya sare ya shule, tiketi za feri,
vyote juu ya mlango wa nyumba ya mama yake,
aliouokoa siku nyumba ilipouzwa kuni.
Watu huuliza: hii ni picha, au ni takataka?
Hujibu bila kugeuka:
"Ni mlango. Piga hodi."

Julai, baridi imekaza, akaja mjane Hortensia Millapel
kuagiza kiti. Kimoja tu.
"Wanangu wako mbali. Wakija, watakaa kitandani."
Eduvina hakuuliza rangi.
Alichukua pimamaji na koti, tukapanda kilima.

Nyumba ile iliinama tangu ardhi ilipotikisika,
marehemu mumewe akiwa bado ananyonya.
Bonge la uzi lilimponyoka mjane
likabingirika toka jikoni hadi mlangoni,
ambako paka alikuwa keshalisubiri.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
na sakafu usiyoipiga deki
hujui maji yake hukimbilia wapi.

Eduvina alipiga magoti karibu na dirisha,
pale mwanga unapoangukia mapaja ya mwenye kufuma.
Akaandika tarakimu nne kiganjani,
na hakuna iliyolingana na mwenzake.

Miguu ilitoka kwenye boriti ya ghala la viazi,
yenye tundu la msumari aliokataa kuliziba.
Kikalio alikisuka Rosamel, nyavu na sufu,
akitukana kila fundo kwa jina lake.
Randa ilipita. Randa ikarudi.
Mguu wa nne ulibaki mfupi, vidole viwili kasoro.

Kisha bwana mmoja wa jumba la sanaa, kutoka mji mkuu,
akakiomba kwa maonyesho ya majuma mawili.
"Kichukueni," alisema Hortensia,
"mimi nimekaa kwenye ndoo tangu Pasaka."

Huko sakafu ilikuwa nyeupe, tambarare kama maziwa bakulini.
Kiti kikachechemea mbele za watu.
Mwanamke mwenye bilauri alikijaribu;
mvinyo ukamwagikia kiatu cha jirani yake.
Kijana wa zamu, kwa adabu nyingi,
akachukua kadi yenye jina la Eduvina,
akaikunja mara nne,
akaisukuma chini ya mguu wa nne.

"Kirekebishe tu," alisema bwana yule,
"nina mnunuzi." Akataja bei ya ng'ombe wawili.
Mimi nilimtazama Eduvina. Paa la karakana linavuja.
Aliinama, akaichomoa kadi, akainyoosha juu ya goti.
"Mguu si mfupi," alisema.
"Sakafu yenu ndiyo haijui kuinama."

Tulikirudisha kwa feri, kimefungwa blanketi,
Rosamel akiwa amekikalia njia nzima, amesinzia.
Akaamka, akaomba ile kadi iliyokunjamana.
Sasa iko kwenye mlango wa mama yake,
kando ya kifungo cha buluu.

Dirishani pa Hortensia kiti kilisimama.
Hakikuyumba. Hakikutoa hata kidoko.
Mjane hakusifu, hakushukuru.
Aliketi, akafuma safu tatu, akahesabu, akafumua moja.
"Chai iko jikoni," alisema.
"Jimiminieni wenyewe. Mimi siinuki."